Ufagio Uliohamisha Mpaka wa Simba

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, pengo la mbele limenimaliza mdomo, siku nilipohamisha mpaka wa simba. Sikuuhamisha kwa ujasiri, hata kidogo. Niliuhamisha kwa ufagio. Nikiwasimulia wenzangu hapa sokoni Kakoba, ninapouza vitenge, wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi nawaacha wacheke, maana hata mimi mtu akiniletea maneno kama hayo ningemuuliza kama amelala vizuri. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na ilibaki kidogo tu mdogo wangu ailipie kwa uhai wake.

Tulikuwa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka wetu wa kwanza. Sisi ni watu wa Kivu ya Kusini, na nyumbani kwetu tulikuwa watatu: Koko, ndivyo tunavyomwita bibi, yeye ndiye aliyemzaa mama; mimi; na mdogo wangu Baraka, ambaye hakuwa ametimiza hata miezi minane. Mama alifariki wiki chache baada ya kumzaa. Kwa hiyo Baraka hakuwa na ziwa la kunyonya. Uji wa mahindi aliutapika. Uji wa soya akautapika vilevile, na wote juu ya mgongo wa Koko. Muuguzi wa zahanati alimpima mkono, akamtazama Koko, akasema neno moja tu: maziwa.

Maziwa tuliyapata kwa Mzee Karuhanga. Alikuwa Mnyankore, mwenyeji wa Masha, mrefu, mwembamba, kofia yake imekula jua mpaka haijulikani ilikuwa rangi gani. Ng'ombe wake wa pembe ndefu aliwalaza kwenye vilima vilivyo kati yetu na hifadhi ya wanyama, na kila asubuhi aliwapitisha mbele ya nyumba yetu kwenda kunywa maji ziwani. Siku ya kwanza alipomwona Baraka mgongoni kwa Koko alisimama, akamtazama. Akamsogeza ng'ombe mmoja mwekundu aliyeitwa Bihogo, akamkamua palepale njiani, akajaza kikombe chetu. Kesho yake akafanya hivyohivyo. Koko alimpa sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, akaikataa kwa heshima zote, akisema wazee wao walimkataza mtu aliyekunywa maziwa asile majani. Koko aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuona mtu anakataa sombe akabaki mtu mzuri, lakini huyo alikuwa mzuri.

Sasa niseme habari ya fagio. Kanisa letu lilikuwa turubai juu ya miti, na kiwanja chake kilifagiliwa kila Jumamosi. Fagio tulizikata sisi wasichana, kila Ijumaa, kule kwenye kilima. Tulikwenda mbio, tukishindana nani atarudi na mzigo mkubwa. Koko hakunizuia kwenda. Alinipa sharti moja tu, na alilirudia kila Ijumaa mpaka nikalikariri kama sala.

"Kata kichaka yote unataka," alisema. "Lakini kile kinatoka jasho na mvua haikunya, hapana gusa. Kile kiko na mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Mwenye Fasi."

Mwenye Fasi, yaani mwenye mahali, alikuwa simba. Koko hakutamka jina lake kamwe. Kwao, mlimani, jina la mkubwa yule halikupigwapigwa ovyo, kama vile wewe usivyoweza kumwita mkweo kwa jina lake. Mimi nilikuwa nacheka moyoni. Watu wote wa Nakivale walijua kwamba simba wa ile hifadhi waliisha zamani. Wamebaki pundamilia na swala, na nyati wa kuharibu mahindi. Nikasema moyoni, Koko amebeba simba wake wa Kongo mpaka Uganda.

Basi Ijumaa ile nikapita wenzangu, nikafika mbali, kwenye mgongo wa kilima ambako hatukuwa tumezoea kufika. Nikakiona kichaka. Mama wee, kichaka gani kile! Vijiti vyembamba, vimenyooka, hakuna mwiba hata mmoja, majani yamejaa. Fagio zimejiotea zenyewe. Upande mmoja vilikuwa vimelowa, kuanzia magotini kwangu mpaka kifuani, na tulikuwa katikati ya kiangazi. Tena kilinuka kama beberu. Nikajiambia, beberu wa mtu amepita hapa. Beberu gani wa kufika kifuani kwangu? Hilo sikujiuliza. Nilikata vyote.

Nilipata fagio tano. Moja ikabaki kwetu, moja nikampa jirani, tatu nikapeleka kanisani. Mama Neema, aliyesimamia usafi wa kanisa, mwanamke wa sauti kubwa na mwili wa kuilingana, alizishika akazikunguta, akanisifu mbele ya wasichana wote. "Mumuone huyu! Huyu njo anajua kazi!" Nilivimba kichwa siku nzima.

Alfajiri ya kesho yake tukawasikia. Kwanza mmoja. Kabla hajamaliza, wa pili akadakia, na sauti zao zikapandana, zikashuka pamoja, zikaisha kwa mikoromo mifupi mifupi. Ardhi chini ya mkeka ilitetemeka, kama lori la chakula linapopita. Mbwa wa kambi nzima walinyamaza. Koko aliketi, akainua vidole viwili mbele ya uso wake.

"Bawili," alisema. "Bako bandugu."

Sikumwuliza amejuaje. Meno yangu yaliyobaki yalikuwa yanagongana.

Jua lilipotoka, ng'ombe wakaja kama kawaida, na Koko alikuwa amekwisha kusimama mlangoni na kikombe. Walipofika hatua kama thelathini kutoka kwetu, Bihogo akasimama. Akainua kichwa, pua zimefunguka, weupe wa macho unaonekana. Wale wa nyuma wakamgonga. Kisha kundi zima likageuka mara moja, likatimka kurudi lilikotoka, likamwacha Mzee Karuhanga peke yake na fimbo yake katikati ya vumbi. Alikuja polepole. Alinusa hewa, akanusa mlango wetu, akauona ufagio wangu ukutani. Aliushika kwa vidole viwili.

"Nyabo," alimwambia Koko, kwao ni kusema mama, na sauti yake haikuwa ile tuliyoizoea, "nani naleta hii?"

Koko alinitazama mimi. Mimi nilitazama miguu yangu.

"Hii ya simba. Nakojoa hapa, nasema: mpaka hapa ni yangu." Akauweka chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Tena hiyo si mnyama ya bure. Mfalme yetu ya zamani, akikufa, nageuka simba, huko msitu ya Isingiro. Wazee nasema hivyo. Sasa nyinyi nabeba mpaka ya mfalme, naleta kwa nyumba!"

"Hatukujua, papa," alisema Koko.

"Najua hamjui. Lakini ng'ombe nakataa, nyabo. Mimi hapana weza lazimisha. Akiogopa hivi nafunga maziwa, hata kwa zizi."

Akaondoka. Siku ile alipitisha ng'ombe wake upande wa pili wa vilima, mbali kabisa na sisi, na Baraka hakupata maziwa. Koko alijaribu uji mwepesi, kijiko kwa kijiko, ukarudi wote. Jioni Baraka alilia sana. Jumapili asubuhi alilia kidogo. Mchana akaacha kulia, akawa anatazama tu, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Niliogopa kuliko nilivyoogopa ile ngurumo. Nilijua ni mimi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, lakini guu lililokuwa linavunjika halikuwa langu.

"Koko, tuzichome," nilimwambia. "Tuzichome zote, harufu iishe."

"Akaa! Ukichoma alama yake, umemufukuza kwake. Atakuja kuitafuta hapa, ku mulango." Alikuwa anamfuta Baraka midomo kwa kitambaa chenye maji. "Inarudi fasi ilitoka. Yote. Na mukono ile ilikata, njo irudishe. Muchana, watu wakiona. Haipite siku ya tatu."

Jirani alitupa ufagio wake mbiombio, hakutaka hata kusikia mwisho wa maneno. Kazi ilikuwa kanisani. Ibada ilikuwa imekwisha, Mama Neema anakunja mikeka. Koko alimweleza. Mama Neema alisikiliza, mikono kiunoni, kisha akaipandisha ile sauti yake.

"Ufagio ya nyumba ya Bwana irudie pori? Juu ya mambo ya kipagani? Weye, mama mushemasi?"

Maana Koko alikuwa shemasi, tena wa kwanza kufika kila Jumapili. Sikuwa nimewahi kumwona akijibizana na mtu wa kanisa. Hakupiga kelele.

"Mama Neema, ule nyama aliumbwa na nani? Ni huyu Mungu wetu njo alimuumba. Na alimupa fasi yake. Siye hatuna fasi, tulipewa hii kwa karatasi, na tulishukuru. Sasa tutanyanganya mwenye alipewa na Mungu?"

Kisha akamgeuza Baraka, akamwonyesha uso wake. Mama Neema alimtazama yule mtoto. Mikono ikatoka kiunoni. Akaingia ndani, akarudi na fagio tatu chini ya kwapa.

"Kesho mulete mutoto kwangu, nitamubeba mupaka murudie," alisema. "Na mimi nitaomba. Kila mutu afanye kazi yake."

Jumatatu jua lilipokuwa limepanda tukaenda: Koko, mimi na fagio tano kichwani, na mbele yetu Mzee Karuhanga na mkuki wake. Koko alikuwa amemfuata mwenyewe zizini alfajiri kumwomba. Hakukataa. Alisema tu kwamba nikiambiwa simama, nisimame; miguu yangu ikiniambia kimbia, nisikimbie.

Karibu na mgongo wa kilima alitusimamisha nyuma ya kichuguu kikubwa, akaweka kidole mdomoni, akaonyesha chini.

Ninajaribu kulisema hili kila mwaka, na kila mwaka nakosa maneno. Walikuwa wawili. Mmoja manyoya ya shingo yake ni meusi karibu yote, mwingine ya rangi ya nyasi kavu, na kovu limempita puani. Walilala ubavu kwa ubavu kivulini, mguu wa yule wa kovu umetupwa juu ya mweusi bila wasiwasi wowote, kama ndugu waliolala mkeka mmoja tangu utoto. Nilikuja nikitegemea kuona shetani. Kumbe nilikuwa naangalia kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona, na nikajisahau, nikatabasamu na pengo langu lote.

Mara yule mweusi akainua kichwa. Ng'ambo, kwenye nyasi ndefu, alikuwa anakuja simba wa tatu. Kijana. Manyoya ya shingo yamechipua tu, kama ndevu za kwanza, na mbavu zake zinahesabika. Alikuja akinusa chini, anasimama, ananusa tena. Alifika palepale nilipokata, kwenye vile visiki, na hapo akakosa la kunusa. Akaendelea kuja. Nilielewa palepale nilichofanya: nilikuwa nimebomoa mlango wa watu, na huyu mgeni alikuwa anaingia bila kujua ameingia.

Wale wawili walisimama. Hawakukimbia. Walikuja bega kwa bega, hatua kwa hatua, na walipofika mahali walipotaka walisimama, wakainamisha vichwa, wakanguruma pamoja. Kichuguu kilitetemeka chini ya viganja vyangu. Yule kijana alijibu mara moja, sauti nyembamba. Wakanguruma tena. Walimngoja. Walimpa muda wote alioutaka. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akageuka akarudi alikotoka, bila hata ukwaruzo mmoja. Hawakumfuata. Yule wa kovu alichakura ardhi kwa miguu ya nyuma, mweusi akakipa mgongo kichaka kingine akakinyunyizia, ndipo wakashuka zao kuelekea majini.

"Mmoja akilia, naomba," alinong'ona Mzee Karuhanga. "Wawili akilia, nasema."

"Na ule mwengine ataenda fasi gani?" niliuliza. Nilikuwa namhurumia. Mbavu zake zilinikaa machoni.

"Natafuta ndugu. Akipata ndugu, siku moja naye nasema."

Nina mteja mmoja, mlinzi wa hifadhi anayekaa Kakiika, hupita kumnunulia mkewe kitenge kila mwisho wa mwezi, na tukianza habari za simba vitenge husahaulika. Ameniambia kwamba ndivyo walivyo. Majike hubaki kwenye nchi ya mama zao, dada kwa dada, lakini madume wakibalehe hufukuzwa, wakazurura nchi za wengine wakiwa na njaa. Mmoja peke yake hawezi kushika nchi. Hutafuta ndugu, au hata rafiki, wakaishi kama waliotoka tumbo moja. Wakipata nchi huilinda kwa mkojo, kwa makucha na kwa sauti, na wanaosikia wanahesabu sauti kabla ya kuamua. Damu inakuja mwisho. Ikija ni mbaya, hakunificha: madume wapya wakishinda huua hata watoto wa waliotangulia. Kuhusu mfalme hasemi kitu, anacheka tu kwa adabu. Kuhusu fagio anasema ni harufu, ng'ombe yeyote angeikimbia. Sawa. Koko alisema ina mwenyewe, yeye anasema ni harufu ya mwenyewe, sijaona ugomvi wao uko wapi.

Tulingoja mpaka Mzee Karuhanga aliporidhika kwamba wamefika mbali. Kisha nikashuka peke yangu. Yeye alisimama katikati ya njia na mkuki wake, Koko akabaki kwenye kichuguu. Zilikuwa hatua arobaini, hamsini labda. Niliziweka fagio juu ya visiki, moja moja, nikapiga magoti. Koko alikuwa amenifundisha maneno.

"Mwenye Fasi, nilikosa. Sikujua. Chako njo hiki."

Sauti ilitoka kama ya kifaranga. Nikaondoka bila kugeuka nyuma, kama nilivyoagizwa.

Siku hiyohiyo tulisugua ukuta na mlango kwa majivu na maji mpaka mikono ikachubuka. Jumanne asubuhi ng'ombe wakaja. Bihogo alisimama palepale aliposimama siku ile. Akanusa. Koko alishika mkono wangu na kuubana. Kisha yule ng'ombe akapiga hatua, na nyingine, akaja mpaka mlangoni kwetu akasimama akamuliwe. Baraka alikunywa vijiko vitatu, akalala, akaamka, akanywa nusu kikombe. Hakutapika. Mama Neema, aliyekuwa hajabanduka kwetu tangu jana yake, alipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakashtuka upya, na Mzee Karuhanga akamwomba kwa heshima anyamaze. Leo Baraka ni dereva wa boda, ana shingo kama gunia, na anakula kwangu kila jioni kana kwamba bado ana deni la siku zile tatu.

Lakini kuna jambo sijawahi kuwasimulia wenzangu sokoni, kwa sababu hapo hawatacheka.

Tulipokuwa tunarudi Jumatatu ile, Mzee Karuhanga ametangulia, Koko aliketi njiani kutoa mwiba mguuni. Alikaa muda mrefu kuliko mwiba ulivyohitaji. Nilipomtazama, alikuwa analia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku tulipomzika mama.

"Uliona?" aliniuliza. "Bako na meno, bako na nguvu, bako bawili. Na bado balimuambia kwanza."

"Ndiyo, Koko."

"Balimungoja akawaza." Alijifuta kwa ncha ya kitenge. "Siye, ile siku bale batu baliingia kwetu, nani alituambia? Baba yako alikuwa anakula. Angesikia hata sauti moja, angetubeba, tungeenda. Tungeacha vyote. Angekuwa hapa."

Nilikuwa na miaka tisa, nikamshika mkono tukaenda zetu. Watu wakinisikia nikiwasifu simba hudhani nasifu nguvu. Nguvu tuliiona nyumbani kwetu, ya kutosha. Ninachokisifu ni kwamba yule kijana mwenye mbavu nje alipewa nafasi ya kugeuka akaenda akiwa hai. Wawe wafalme wa Isingiro au wawe wanyama tu wa porini, walimheshimu mgeni kiasi cha kumngurumia kwanza. Baba yangu hakuna aliyemngurumia.